Keto safarini huku kichwa kinawaka moto, mnawezaje wakuu?

Msafiri Hoi

Wakuu habari za usiku. Naandika nikiwa kwenye benchi la chuma korido ya hospitali, saa nane usiku, kwahiyo nikichapia mnivumilie.

Nina mwezi wa saba kwenye keto, ile dayati ya wanga kidogo sana na mafuta mengi. Nilianza baada ya kupima ile sukari ya wastani wa miezi mitatu ikasoma asilimia 6.3, dokta akaniambia wewe bado hujaingia ndani ila umeshashika kitasa. Nikiwa kwangu sina tatizo kabisa, nakula mara mbili, wanga hauvuki gramu 25 kwa siku, kilo 14 zimeondoka, suruali zote zimepita kwa fundi. Shida yangu ni safari, na sio safari ya kula bata, ile nishaiweza, unafika hotelini unapiga mayai na nyama unarudi zako. Naongelea safari ya simu inaita saa kumi alfajiri unaambiwa mzee kazidiwa, unatupia nguo mbili kwenye begi unatoka na ndala.

Leo siku ya nne. Ya kwanza sikula chochote njia nzima nikajiona mwamba. Ya pili na ya tatu nikapata mayai ya kuchemsha, nikatulia. Sasa jioni ya leo madaktari wakatuita wakasema kidonda cha mguu wa mzee kimefika kwenye mfupa, watajaribu dawa kwanza, ikishindikana wanakata kidole, labda viwili. Nikatoka nje kuvuta hewa. Pale getini kuna kibanda kinakesha, na kilichomo ni biskuti, soda, juisi za boksi, keki na pipi, basi, mlangoni kwa hospitali iliyojaa wagonjwa wa sukari. Nikanunua biskuti pakiti kubwa. Ya kwanza nilikula nimesimama, ya pili natembea, zilizofuata sizikumbuki, nilichokuja kushtukia ni kidole changu kinakusanya makombo kwenye kona ya karatasi. Afu nikarudi kukaa nje ya wodi aliyolazwa baba yangu kwa sukari, na mimi mdomo mtamu.

Kuna kingine kinanichanganya. Ile siku ya kwanza ambayo sikutia kitu mdomoni nilichukua kimashine cha mzee nikajipima, 6.8. Nyumbani asubuhi huwa 5.0, 5.1. Sasa nimefunga siku nzima sukari inapanda, hiyo hesabu gani? Kwahiyo hata nikijinyima ni bure?

Mnaosafiri na matatizo kichwani mnafanyaje? Mnabeba nini? Au niachane nayo mpaka mambo yatulie?

kopo_la_samaki

Pole sana mkuu, Mungu amponye mzee. Nimevuta kiti nasubiri wajuzi.

Bi Chumvi

Kaka pole. Nimefanya kazi ya unesi miaka mingi, hizo korido za usiku nazijua, na hicho kibanda cha biskuti nakijua, kipo kila hospitali.

Kabla ya yote, umejipima kwa kimashine cha mzee sawa, sindano ulibadilisha? Na kile kikalamu cha kuchomea? Kikalamu hakichangiwi hata kama ni baba yako mzazi, homa ya ini inapita hapo hapo. Nunua chako.

Sasa hiyo 6.8. Haijatoka hewani, imetoka kwenye ini lako. Mwili haujui tofauti ya simba na simu ya saa kumi alfajiri. Ukishtuka, tezi zinamwaga adrenalini na kotisoli, hizo zinaliambia ini toa akiba ya sukari mtu apate nguvu za kukimbia, na akiba ikipungua ini linatengeneza sukari nyingine kutoka kwenye protini. Ongeza na kutolala, maana usiku mmoja tu wa kukesha unaifanya insulini ifanye kazi kwa uvivu kesho yake. Kwahiyo unaweza kufunga kutwa na sukari ikasogea juu, ketoni (zile ini linazotengeneza kutoka kwenye mafuta wanga ukipungua) zikashuka, na hujatenda kosa lolote. Kile kipimo kilikuwa kinapima hofu yako. Sio bure kujinyima, hebu fikiria hiyo 6.8 ungeimwagia soda juu yake ingefika wapi.

Ndio maana mtu akiwa na msongo namwambia aache kujipimapima. Kila namba utakayoiona itakuumiza na hutaweza kuifanyia kitu. Pima ukirudi ukalala siku tatu nne. Anayetumia dawa za sukari yeye simsemei hapa, huyo apime kama alivyoelekezwa.

La pili ni chumvi, na jina langu mnalijua limetokana na nini. Ukila wanga kidogo insulini inashuka, ikishuka figo zinaachia chumvi na maji kwenye mkojo. Nyumbani unakula supu yako hujui kama unairudisha. Safarini hunywi maji unaogopa kutafuta choo, huli supu, unakunywa chai na kahawa tu, ikifika saa kumi jioni kichwa kinagonga, miguu inalegea, misuli ya nyuma ya mguu inakaza, na ubongo wako unakutafsiria NJAA, TAFUTA KITU KITAMU. Nina hakika kabisa zile biskuti nusu yake ilikuwa huzuni na nusu yake ni chumvi. Beba chumvi kwenye kikaratasi, nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji moto, kamulia limao kama lipo, kunywa taratibu afu subiri dakika ishirini kabla hujaamua kwamba una njaa. Mwenye presha, figo au moyo asifanye hivi bila kumuuliza daktari wake.

Na ukipanda mzani ukirudi ukakuta kilo mbili zimeongezeka usilie. Kila gramu ya wanga inayowekwa akiba kwenye ini na misuli inakaa na maji kama gramu tatu hivi. Hayo ni maji, yanaondoka.

Mbishi Asilia

Mi nashangaa. Baba yako mguu unaoza wewe unahesabu wanga? Kuna wakati mtu anatakiwa ale anachopewa ashukuru. Keto keto, kila wiki uzi wa keto.

Msafiri Hoi

@Mbishi Asilia sijakasirika mkuu. Ila nikueleze kitu. Jana walivyofungua bandeji nilikuwa nimemshika mzee bega. Mzee alianza na namba kama yangu, akaambiwa punguza sukari, akasema nikitulia kidogo nitapunguza. Hakuwahi kutulia, maana kulikuwa na sisi, kuna ada, kuna msiba, kuna ujenzi. Mimi sihesabu wanga ili nitoke vizuri kwenye picha.

@Bi Chumvi asante mama. Kikalamu nilikitumia kile kile, sindano niliifuta tu na spiriti. Nimeelewa, sirudii.

Mbishi Asilia

Sawa mkuu, nimeteleza. Pole kwa mzee.

Dereva wa Mbali

Nadhani huu uzi ni wangu. Naendesha lori, nipo njiani siku ishirini kwa mwezi, keto mwaka wa tatu, na katika hiyo miaka nimesafiri na kila aina ya stresi, kuanzia kuharibikiwa gari porini hadi kusafirisha mwili wa ndugu yangu.

Kosa lako kubwa mkuu ni kusafiri na sheria za nyumbani. Nyumbani una mzani, una jiko, una muda. Barabarani hakuna gramu, kuna ndio na hapana tu. Mimi nina hapana nne: kinywaji chenye sukari, kitu cha unga, wali na viazi. Vilivyobaki vyote ndio, hata kama nyama ina mchuzi sijui umewekwa nini, hata kama mboga ina karoti, nakula nafunga mjadala. Siku zingine nadhani nafika gramu 50 au 60, pengine natoka kabisa kwenye ketosisi, yaani ile hali ya mwili kuendeshwa na mafuta, lakini sijafika 300, na kesho nikipata jiko narudi. Watu wanaoanguka safarini mara nyingi wanaangushwa na kutaka iwe kamili, akishakula kijiko kimoja cha wali anasema ah nimeshaharibu, anamalizia na soda mbili na keki.

Vitu vya kubeba, usiende mbali. Samaki wa kopo wa mafuta, yule wa sosi ya nyanya soma kopo kwanza maana nyingine zina sukari. Karanga, lozi, makadamia. Korosho ni tamu lakini ndio mwizi wa kundi, kiganja kimoja kina wanga gramu nane na zaidi na kambakamba (nyuzinyuzi) karibu hamna, na hakuna mtu duniani anayekula kiganja kimoja. Parachichi beba gumu la leo na gumu zaidi la kesho, lile zima ukitoa kambakamba unabaki na gramu nne tano za wanga. Mayai ya kuchemsha ni ya mwanzo wa safari tu, kwenye joto yakishapita masaa mawili bila barafu usiyaamini, kuharisha ndani ya gari ni mtihani mwingine kabisa.

Halafu samaki, niwape ushuhuda. Zamani kabla ya lori nilikuwa abiria kama nyie. Nikafungua kopo la dagaa ndani ya basi madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinafanya kazi. Nilivuta ile pete taratibu nikidhani nitaiba, ikatoa mlio wa tsk, afu yale mafuta yakaruka yakatua kwenye shati jeupe la mzee wa jirani. Basi zima likageuka. Kuna mtoto siti ya mbele akamuuliza mama yake kwa sauti nani kajamba. Nilikula lile kopo kwa sababu ningelifunga vipi tena, ila tangu siku ile samaki nakula nje ya chombo, gari likisimama.

kopo_la_samaki

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Na jina langu hili nimejisikia vibaya.

Nusu Shari

Wa ndege nao waje huku. Dereva kasema vizuri ila ukipita eapoti nusu ya hivyo vitu vina masharti. Siagi ya karanga, jibini laini na krimu wanavihesabu kama vimiminika, kwenye begi la mkononi kwa sehemu nyingi mwisho mililita 100, nimeshanyang'anywa kopo zima la siagi ya karanga nikiwa nimeshavua viatu na mkanda, nikabaki nalitazama linaingia kwenye pipa. Jibini gumu, karanga, nyama kavu mara nyingi vinapita ukaguzi. LAKINI ukifika unakokwenda kuna forodha. Ukiingia nchi za Umoja wa Ulaya kutoka nje ya Ulaya nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kwa abiria, Australia na New Zealand ndio usiombe, usipotaja ulichobeba faini inakuhusu. Kula kabla hujashuka.

Na chakula cha ndegeni. Kuna ile ya kuomba mlo maalumu, inabidi uombe mapema, angalau siku moja kabla na kampuni zingine zaidi. Watu wa keto wanakimbilia mlo wa wagonjwa wa sukari wakidhani umejibu. Mimi niliagiza, nikaletewa kuku kipande kimoja, wali wa brauni, mkate mdogo wa ngano nzima na tunda. Sukari ya mezani ndio iliyotolewa, wanga upo wote. Siku hizi nachukua mlo wa kawaida nakula kinachofaa, mkate nampa jirani, mpaka nimepata marafiki.

Swali kwa wajuzi, hizi pipi na chokoleti zimeandikwa haina sukari mnazisemaje? Nilikula pakiti moja kwenye safari ya masaa tisa na sitaki kusimulia.

Bi Chumvi

@Nusu Shari hahaha usisimulie, tumeelewa. Geuza pakiti usome, ukikuta maltitoli ndio huyo. Ni utamu ambao utumbo haumalizi kuunyonya, uliobaki unavuta maji na bakteria wanausherehekea. Tena ile sehemu inayonyonywa inapandisha sukari, sio nyingi kama sukari yenyewe lakini inapandisha. Eritritoli ina nafuu upande huo. Mimi ningesema ukiwa safarini pipi za namna hiyo ziache zote, unachokitafuta pale ni kubembelezwa na pipi haibembelezi mtu.

Nusu Shari

Maltitoli. Kumbe ana jina. Nimepata wa kumshtaki.

Mama Wa Wawili

Nimesoma tangu mwanzo nikasita kuandika lakini ngoja niseme. Hii dayati wengine hatukuichagua. Mwanangu wa pili ana kifafa, dawa mbili zilishindwa, madaktari wakamuweka kwenye keto, na huko ndiko ilikotoka jamani, mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic kule Marekani ndiye aliyeipa hilo jina, na ilikuwa ya wagonjwa wa kifafa, mambo ya vitambi yamekuja baadae sana. Kwahiyo @Mbishi Asilia ukisema mtu ale anachopewa, mwanangu akila anachopewa tunaweza kurudi kwenye mitetemeko usiku ule ule.

Kwetu hakuna ndio na hapana ya dereva, kwetu ni mzani. Nasafiri na kimzani kidogo cha jikoni kwenye mkoba, nimeshakitoa kwenye gari, kwenye uwanja wa ndege, kwenye harusi. Mwaka juzi tulisafiri kwenda kumuuguza mama yangu, na mtoto akapata homa njiani. Nikaenda kituo cha afya, wakaandika dawa ya maji ya homa. Nikauliza ina sukari, yule kijana akanitazama kama nimeuliza dawa ina miguu. Dawa nyingi za maji za watoto zimetiwa sukari, kijiko kwa kijiko kwa siku tatu nne unajaza. Nikaomba ya kidonge, tukasaga. Usiku homa ikapanda wakataka kumuwekea dripu, na dripu nyingine ni ya glukosi. Nilisimama mlangoni na barua ya daktari wetu mkononi, nimeikunja mpaka imechanika kwenye mikunjo, nikasema wekeni ya chumvi, mpimeni sukari, ikiwa chini ya kiwango kilichoandikwa hapa ndio mpeni glukosi. Nilikuwa natetemeka. Waliniona mama mkorofi. Lakini waliisoma, na wakafuata.

Kwahiyo kwa yeyote ambaye keto kaandikiwa na daktari, barua hiyo ibebe kila mahali, iandikwe dawa anazotumia na nini kifanyike akiugua. Mimi nina nakala tatu, moja ipo ndani ya kiatu cha akiba.

Dereva wa Mbali

Dada yangu hapo nimevua kofia. Sisi wengine tunacheza.

Dozi Kamili

Mimi nipo upande wa dawa, nikazie alipoishia Mama Wa Wawili, maana kuna watu wanasoma kimya kimya na wanatumia dawa za sukari.

Kama unachoma insulini au unameza vidonge kama glibenklamidi au gliklazidi, afu ukaingia safari ukakata wanga na kuruka milo, sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Kwako pipi mfukoni sio kuchepuka, pipi ni dawa. Dozi ipangwe na daktari kabla hujaanza keto, sio ukiwa stendi.

Kundi lingine ni wanaotumia dapagliflozini, empagliflozini na ndugu zao, zile zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo. Hizo na keto ni mchanganyiko wa hatari, na ukiongeza kutokula, kuishiwa maji, ugonjwa au msongo, hatari inapanda zaidi. Damu inaweza kujaa tindikali ya ketoni huku kimashine cha sukari kinasoma kawaida au juu kidogo tu, mtu anasema nipo fiti kumbe anakwisha. Ukiwa kwenye dawa hizo ukasikia kichefuchefu, unatapika, tumbo linauma, unahema haraka haraka, usiulize mtandaoni, nenda hospitali utaje dawa kwa jina. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza na mama mjamzito au anayenyonyesha, msianze hii kitu kwa kusoma uzi.

Na jingine dogo ila nimeliona kwa macho. Mtu wa keto kaharisha safarini siku nzima, midomo imekauka, anapewa ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha, anasoma pakiti anakataa, ina glukosi. Jamani. Pakiti ya lita moja ya ile fomula ya Shirika la Afya Duniani ina glukosi gramu 13.5, na imewekwa kwa kazi maalumu, glukosi ndiyo inayoushika mkono ule munyu na kuupitisha kwenye ukuta wa utumbo, na maji yanafuata. Ukiitoa umebaki na maji yanayopita tu. Kunywa, ketosisi utaikuta palepale wiki ijayo. Mtoto wa Mama Wa Wawili yeye ana barua yake, afuate barua.

kopo_la_samaki

Na mimi niulize basi maana nimekaa sana. Bafe la hoteli asubuhi, mayai ya kuvuruga yale ya kwenye sinia kubwa, ni salama? Nilikuwa na semina wiki nzima, nimekula hayo tu na soseji, vijiti vya mkojo vikagoma kubadilika rangi.

Dereva wa Mbali

Ya sinia wengine wanaongeza maziwa na unga yaonekane mengi. Omba ya kukaangwa mbele yako, au ya kuchemsha yenye ganda, ganda haliwezi kuongezwa unga. Soseji nyingi zina unga wa kujazia. Na mchuzi ukiwa mzito unang'aa ujue umekolezwa kwa wanga wa mahindi.

Bi Chumvi

Na hivyo vijiti usiviamini sana mwanangu. Vinapima ketoni zinazomwagika kwenye mkojo, ukikaa muda kwenye keto mwili unajifunza kuzitumia na zinazomwagika zinapungua, na ukinywa maji mengi rangi inafifia. Vinaweza kugoma na wewe upo ndani kabisa.

Msafiri Hoi

Wakuu nimerudi, siku ya tisa. Samahani kwa ukimya.

Wamekata kidole kimoja, kile kidogo. Viwili vilivyokuwa na mashaka vimebaki, dawa imeshika. Mzee alivyoamka akauliza kimepelekwa wapi. Hakuna aliyekuwa na jibu, dada yangu akaangua kicheko kile cha kulia.

Ripoti yangu. Nimechukua ndio na hapana ya dereva, gramu nimeacha. Zile dakika ishirini za chumvi na maji moto zimefanya kazi mara nne, mara ya tano hazikufanya. Ilikuwa ile asubuhi ya upasuaji, shangazi kaja na hotpoti ya wali kutoka mbali, kaamka saa tisa usiku kupika. Nikala. Nilikula sahani moja, nikasema asante shangazi, nikamwambia ni mtamu na ulikuwa mtamu kweli. Mchana yake nikala samaki na parachichi kama kawaida. Miezi saba nyuma hiyo sahani ingekuwa wiki nzima ya kuanguka.

Nilichogundua, na sijui kama nyie mko hivi, ni kwamba njaa yangu ya hospitali ina saa. Mchana haipo. Inakuja baada ya daktari kupita na baada ya saa sita usiku. Kwahiyo nikaanza kula kabla hajapita, hata kama sina hamu, makopo mawili ya samaki na karanga, na saa sita usiku nahama lile benchi linalotazamana na geti. Upande wa pili kuna benchi lingine baya zaidi lakini huoni kibanda.

Kulala nimeshindwa, hilo sina cha kudanganya. Saa tatu, nne kwa usiku.

Dozi Kamili

Hongera mkuu na pole. Swali, mzee naye umemuingiza kwenye keto? Maana ndugu wengi wakiona wao wamepona wanamrukia mgonjwa.

Msafiri Hoi

Hapana mkuu, yupo kwenye insulini na chakula anapangiwa, sijagusa. Aliniona tu nafungua kopo akaniuliza mbona umekonda hivyo, unaumwa na hutaki kusema? Nikamwambia nakwepa ugonjwa wako. Akanyamaza kama dakika nzima afu akasema basi leta na mimi nionje huyo samaki. Nikamuuliza nesi kwanza, akaruhusu kipande.

Mbishi Asilia

Kopo gani hilo, la mafuta au la nyanya? Nauliza tu, mke wangu kapima juzi.

Dereva wa Mbali

Hahaha karibu. La mafuta. Na ukiwa kwenye basi usilifungue.

Mama Wa Wawili

@Mbishi Asilia mwambie aende na majibu kwa daktari kwanza, samaki atamkuta.

Msafiri Hoi

Nipo kwenye gari narudi. Lozi mfukoni, parachichi mbili, mayai manne ambayo nitayamaliza kabla hatujatoka mjini. Samaki wote nimemwachia dada. @Bi Chumvi nimenunua kimashine changu na boksi zima la sindano, nusu nimemwachia mzee kwenye droo, na sijajipima bado.